Jua Lipo Juu

Karibu na kilele, Torbjørg alisimama, kamba iliyofungwa kando ya njia ameishika kwa mikono miwili. Pafu moja alilobakiziwa na madaktari lilikuwa linamchoma kifuani, na pumzi yake ilikuwa imegandia kwenye nyusi.

"Mama, turudi," binti yake alisema nyuma yake. "Umefika mbali kuliko walivyotarajia."

"Waliotarajia akina nani?"

"Acha ubishi. Midomo imekuwa ya bluu."

"Na yako je? Wewe nisukume tu."

Binti akatazama chini, kwenye kijiji chao kando ya ghuba. Mlima huu ulikuwa umewazibia jua tangu Novemba, jua la majira ya baridi lilipoanza kupita chini. Akashusha pumzi, akaingiza bega chini ya makalio ya mama yake, akasukuma.

"Taratibu, mimi si gunia," Torbjørg akanung'unika, huku akicheka na kukohoa.

Akaivuta kamba kwa nguvu zake zote. Kichwa chake kikapita ukingo wa jabali, na jua likampiga usoni, la manjano, lenye joto.

"Mama? Unaona nini?"

Torbjørg alijiburura juu ya theluji, akageuka, akalala kifudifudi na kuteremsha mkono.

"Shika," alisema. "Sasa nakuvuta mimi."