Kondoo Wasiopungua Arobaini

Ofisa mifugo alikuwa amefika kondoo wa kumi na saba aliposhusha darubini na kusema amechanganya, anaanza upya. Mama Sufu alihisi moyo umemshuka hadi kwenye mabuti.

"Huyu wa pembeni nimemhesabu mara mbili," ofisa alieleza. "Serikali haitaki mchezo kwenye takwimu. Moja. Mbili."

Mama Sufu akatazama mawingu. Yalikuwa yanakuja kutoka nyuma ya kilele, mazito, bila haraka yoyote.

Walisimama barabarani wote, karibu na gari. Huo ndio utaratibu. Mwongozo wa Ustawi wa Kondoo wa Nyanda za Juu, toleo la tatu, ulimkataza ofisa yeyote kusogelea kundi kwa chini ya mita mia tatu, asije akawapa wanyama msongo wa mawazo. Kondoo walijaliwa sana katika mwongozo huo. Walitengewa kurasa hamsini na mbili. Wafugaji walitengewa aya moja, nayo ilihusu adhabu.

Adhabu yenyewe haikuhitaji mkalimani. Mfugaji atakayekutwa na kondoo pungufu ya arobaini atahesabiwa kuwa ameacha ufugaji, na mteremko wake utapandwa misonobari. Sera mpya iliipenda sana misonobari, kwa kuwa haiugui wala haiji ofisini kulalamika. Nyumba ingekwenda pamoja na mteremko, na nyuma ya nyumba ndiko alikozikwa mume wa Mama Sufu. Alikuwa ameishi pale miaka thelathini na mmoja. Aliogopa kuhama, na hakuona aibu kuogopa.

"Ishirini na mbili," ofisa alisema. "Wametulia hawa, mama."

"Kondoo wa milimani ndivyo walivyo, mwanangu."

"Hao hata radi ipige, hawashtuki!" akadakia shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameahidi kufunga mdomo. Mama Sufu akamkanyaga mguu.

Ofisa hakugeuka. Zamani ofisi yao ilikuwa na maofisa wanne. Lakini wizara hugawa watumishi kulingana na idadi ya kondoo, na kondoo walivyozidi kupungua, amebaki yeye, dereva, na kalenda ya mwaka juzi. Hata hivyo alivaa tai, akaning'iniza kitambulisho juu yake.

"Na ile homa ya mapafu ya msimu wa baridi? Nasikia iliwapiga sana."

"Ilitupiga."

"Dawa si mlipata?"

"Tulipata, tunashukuru. Miezi mitano baadaye. Kulikuwa na barua ya pongezi ndani ya boksi."

"Umeona? Serikali haisahau watu wake."

"Haisahau," alisema shemeji. "Inachelewa kukumbuka tu."

Akakanyagwa tena, safari hii kwa kisigino.

"Kwa hiyo kundi lilipona?" ofisa aliuliza, kalamu ikiwa juu ya fomu.

Mama Sufu hakuwa mtu wa uongo, na ulimi wake ulikuwa mzito. "Waliobaki ndio hao unaowaona."

Ofisa akaandika jambo kwenye kisanduku cha Mafanikio, kisha akarudi kwenye darubini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Tone la kwanza la mvua likadondoka juu ya boneti.

"Basi tumalize!" shemeji alisema, sauti imempanda. "Mvua hii si nzuri kwa kondoo!"

"Si wana sufu?"

"Wanayo, ila..."

"Wa huku hawapendi kulowa," Mama Sufu alimkatiza.

"Thelathini na nane. Thelathini na tisa." Akasogeza darubini kushoto, akairudisha kulia, akaifuta kwa ncha ya tai. Mama Sufu alifumba macho, akamwomba Mungu na marehemu mumewe kwa pamoja.

"Arobaini," ofisa alisema. "Na arobaini na mmoja, yule nyuma ya kichaka."

Akalaza fomu juu ya boneti, akaikinga na mvua kwa mgongo wake na kuigonga mhuri.

"Mwaka jana arobaini na mmoja, mwaka huu arobaini na mmoja," alisema, akitumia sauti ile ya kwenye semina. "Homa imepita, dawa imechelewa, na idadi haijatikisika. Wizara inatafuta wafugaji wa namna hii, mama. Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Shemeji akapiga makofi peke yake. Mama Sufu alipokea nakala yake, akaikunja na kuiweka kifuani, na machozi yakamtoka mbele za watu. Mwaka mmoja zaidi. Alimshukuru ofisa mara tatu, akamwombea cheo kikubwa na safari njema, huku akimsukuma kiungwana kuelekea mlango wa gari.

Mvua ilikuwa imeanza kukolea. Dereva akawasha gari. Ofisa akateremsha kioo, akamwita Mama Sufu karibu, akashusha sauti.

"Ikikatika tu, pandeni na ndoo. Wale watatu wa juu chokaa imeshabanduka, jiwe linaonekana mgongoni, na bosi wangu anakuja Alhamisi na darubini kali kuliko hii."