Mkosi wa Mzee Nazaire

"Kwa nini bendera ya Marekani ina nyota hamsini?" aliuliza afisa wa uraia, polepole, kama anayemlisha mtoto uji.

Mzee Nazaire alijua. Kila nyota ni jimbo moja. Alijua pia makoloni kumi na matatu ya mwanzo, na vita vyote, hata nani hushika nchi rais na makamu wake wakifa kwa mpigo. Binti yake Belyse alikuwa amemkaririsha maswali yote mia moja, jioni baada ya jioni, katika nyumba yao ya kupanga pale Vickery Meadow, mtaa wa Dallas: jinsi wakulima wachache wakaidi walivyomkatalia mfalme wao kodi, mpaka wakawa mabwana wa dunia.

"Sijui," akajibu. "Mimi sijazihesabu."

Hilo lilikuwa swali la tano kulikosa. Afisa, mama mwenye huruma, alishusha pumzi akaandika. Nafasi ya pili, na ya mwisho, imekwenda na maji.

Nazaire alitoka mwepesi, karibu apige mluzi. Ilikuwa Ijumaa moja ya Machi 2020, na yeye alikuwa ameiokoa Marekani.

Maana mzee huyu alikuwa na mkosi, na mkosi wenyewe haukuhangaika na watu. Uliangusha mataifa. Alipokuwa mtoto wa shule ya misheni huko Burundi, yeye na Marie-Goretti wa darasa lake walipewa vibendera wampungie gavana wa Kibelgiji. Mwaka haukwisha, Wabelgiji wakafungasha virago. Wakapangwa kwaya moja kumwimbia mfalme mpya. Miezi michache tu, mfalme akapinduliwa. Wakaoana, wakakimbilia Zaire, wakahangaikia vitambulisho miaka na miaka. Siku walipovipata, chake na cha mkewe, haukupita muda Zaire ikafutika hata kwenye ramani.

Sasa alikuwa na wajukuu wanne waliozaliwa Dallas, na magoti yasiyoweza kukimbia tena. Nchi hii aliipenda kwelikweli. Kwa hiyo kuapa kuwa raia wake, ng'o.

Hakumwambia mkewe. Ungemwambiaje mwanamke anayekuombea hivyo? Kila jioni, Belyse alipouliza maswali, Marie-Goretti alikuwa jikoni akikoroga maharage huku midomo ikimcheza, rozari ikining'inia msumarini. Na asubuhi hii alivaa kitenge chake cha Pasaka, akasema ana jambo la kwenda kumshukuru Mungu.

Nazaire alipofika nyumbani alijivika uso wa msiba. "Nimeanguka tena, Mama Belyse. Kichwa kimezeeka."

"Pole, Baba Belyse. Keti kwanza." Marie-Goretti alikuwa bado na kitenge chake, anatabasamu kama bi harusi. "Usinikasirikie. Nilikuficha, niliogopa kukutia aibu. Yale maswali nilikuwa nayajibu kimoyomoyo jikoni. Mwezi uliopita nilipita mtihani. Leo saa nne nimeapa."

Akatoa kibendera kidogo kwenye mkoba, akakichomeka ndani ya glasi, kando ya sanamu ya Bikira Maria.

Kabla Nazaire hajafungua kinywa, mlango ulifunguka kwa kishindo. Ni Belyse, anahema, mikono mitupu.

"Huko nje ni mwisho wa dunia! Ni hii corona. Shule wamefunga, mechi wame-cancel, kazini wametu-send home wote. Nimezunguka maduka matano kutoka Garland mpaka hapa. Marekani yote hii, Baba, hakuna karatasi ya chooni!"

"Imeanza saa ngapi?" Nazaire aliuliza.

"Asubuhi kulikuwa kuzuri tu. Mambo yameharibika kama saa nne hivi."

Nazaire alikitazama kile kibendera. Kisha akamgeukia mkewe, akamkodolea macho kama ndiyo kwanza anamwona.

"Kumbe miaka yote hii," akasema, "ni wewe!"