Sale la Mwenyekiti

Elimringi alipomwona mwenyekiti wa klabu mlangoni na jani la sale mkononi, alijua ukocha umekwisha. Uchaggani anayeletewa sale hana budi kusamehe.

"Tumekosa, mzee wangu. Timu tumempa kocha wa Dar. Yeye ana vyeti."

"Miaka kumi na minne nawafundishia timu, leo ndiyo mnauliza vyeti?"

Mwenyekiti akainama, akalisogeza jani. Lilikuwa bichi, limefungwa fundo, lina umande bado.

"Siku mke wangu anakata roho mlinizuia Himo, eti mechi kubwa. Mbona siku ile hamkuniletea sale?"

Mwenyekiti akamnyooshea jani tena. Elimringi akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akaiweka nyuma ya mgongo.