Kanzu ya Melini

"Siku saba baharini, kutembea tu! Na kampuni yenyewe mpya, mama. Nani amewahi kupanda meli yao?" Saumu aliuliza, tiketi za wazazi wake mkononi. "Umri wenu ni wa kukaa kwenye msala."

"Msala ndio wa kwanza kuingia begini," Bi Mwanamvua alimjibu.

Akafungua sanduku, akatoa bafta nyeupe aliyoinunua miaka kumi iliyopita iwe sanda ya mumewe.

"Mama! Hiyo ni ya baba!"

"Bado ni ya baba yako. Namshonea kanzu ya melini. Sanda tutanunua nyingine, Mungu akipenda."

Akasema Bismillahi, akashika mkasi. Mzee Mbwana akasimama wima katikati ya chumba, akatanua mikono apimwe.