Meza ya Tatu

"Namba arobaini na mbili," karani wa mapokezi aliita kwa mara ya tatu. Hakuinuka mtu.

Wagonjwa walijaa mabenchini, kimya, shingo zimenyooka, macho yakitazama juu ya kichwa chake. Hata mzee aliyeletwa na kifua alikuwa akikohoa kwa adabu, kiganja mdomoni. Karani akajisemea kwamba homa ya wiki hii imewapumbaza watu.

Akarudi kwenye kompyuta. Shemeji yake, fundi wa mitambo hiyo, alikuwa amemgawanyia kioo kimoja kiwe kama meza nne. Ya kwanza ilikuwa na madirisha ya orodha ya wagonjwa, ya pili barua za ofisi, ya nne tupu. Kwenye ya tatu alikuwa akiandika riwaya ya mapenzi. Akibonyeza mara moja tu, meza inabadilika, na daktari akichungulia haambulii kitu.

Siri hiyo aliihitaji. Daktari alikwisha kumwonya: akimkuta tena na mambo yake saa za kazi, afungashe virago. Na nyumbani watoto watatu walimtegemea yeye.

Lakini leo riwaya ilikuwa imenoga. Bibi harusi alisimama mlangoni, wakili kamshika mkono huu, fundi viatu kamshika ule. Karani akaandika kwamba amemfuata wakili. Mabenchini wagonjwa wakaguna. Akasita, akafuta. Mama mmoja akashusha pumzi, "Afadhali."

Mlango wa daktari ukafunguka.

"Nusu saa sijaletewa mgonjwa. Kuna nini hapa?"

Karani akapeleka kidole kitufeni. Akabonyeza. Orodha ya wagonjwa ikatanda kiooni.

"Aa, jamani," wakanung'unika wagonjwa kwa sauti moja.

Daktari akawatazama, kisha akatazama walikotazama wao. Uso ukamkunjamana.

"Rudisha ulichokuwa unafanya."

"Dokta, naomba unisamehe. Sitarudia."

"Nimesema rudisha."

Akarudisha, machozi yakimlengalenga. Daktari hakusogea mezani kwake. Alisimama palepale, mikono mifukoni, midomo ikichezacheza kama mtu anayesoma. Akasoma mpaka mwisho.

"Sogea kidogo, mzee," alisema, akaketi benchini. "Na wewe dada, kabla hujaendelea, kuza maandishi. Hiyo skrini ya namba waliyoifunga jana juu yako, sisi wa nyuma hatuisomi vizuri."