Mpwa wa Toussaint

Huguette alipata mjomba Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, akiwa ameshikilia geti la makaburi ya watu.

Kabla ya hapo hakuwa naye. Alikuwa na darubini shingoni na shida moja tu: ndani ya ule ukuta, kwenye mvule uliosimama katikati ya makaburi, hondohondo jike alikuwa ameingia katika tundu la mti, na mlango umezibwa kwa udongo ukabaki ufa wa kupitisha mdomo. Dume ndiye aliyemlisha kwa kupitia ufa huo. Huguette, mwalimu wa biolojia, alifundisha habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi walimcheka. Ndege gani ajizike akiwa mzima? Safari hii aliapa kuiona kwa macho yake siku ya kutoka na kuinasa kwenye simu. Lakini kutoka nje alichoona ni mgongo wa mti.

Makaburi yalikuwa ya familia moja ya zamani ya Kalemie, na getini pameandikwa kwa rangi nyeupe: NDUGU WA MAREHEMU TU. Kusema ukweli nako kulikuwa na hatari yake. Mwanamke anayezunguka makaburini na darubini, majirani hawahitaji hata siku mbili kumpatia jina.

Basi mzee mwenye funguo, aliyekuwa anafagia njia, alipomwuliza amemfuata nani, Huguette alichungulia kaburi la karibu. Lilikuwa la vigae vya bluu, limejengwa vizuri, na maandishi: TOUSSAINT KYUNGU, 1949. Yaliyofuata yalifunikwa na maua ya miiba yaliyotambaa.

"Mujomba wangu Toussaint," akasema.

Mzee aliacha kufagia. Akamtazama kuanzia viatu hadi darubini.

"We njo mwipwa ya Toussaint?"

"Ndiyo, Papa. Mama yangu alikuwa dada yake. Wa Kabalo."

"Kabalo," mzee akarudia polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka miwani. Kisha akafungua geti.

Siku hiyo mambo yalikwenda vizuri. Huguette aliinamisha kichwa mbele ya kaburi kwa dakika mbili, akajifuta jicho lililokuwa kavu, halafu darubini ikapanda kwenye mvule. Jumamosi ya pili vilevile. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: Jumamosi ya tatu mzee alimkabidhi ufagio. Kaburi la mjomba asafishe nani, kama si mtoto wa dada yake? Huguette akafagia. Ya nne, mzee akamwonyesha mahali ambapo vigae vimeachana upande wa miguuni, akasema wapwa wa watu wengine huleta simenti. Huguette akaja na mfuko wa simenti ya Kabimba nyuma ya baiskeli, akijilaumu njia nzima.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa hadithi. Mzee alipenda kukaa kwenye kigoda na kuuliza Toussaint alikuwa muntu wa namna gani, na Huguette akatunga. Mjomba alimbeba mabegani. Mjomba alicheka akasikika mpaka nyumba ya tatu. Mjomba ndiye aliyemlipia minerval, karo yake ya shule, miaka sita, bila kumwambia mtu. Mjomba hakuwahi kugusa pombe.

Hapo mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Pombe alikunywa," akasema. "Ile uifute. Lakini ya minerval uiache."

Jumamosi ya tano alimletea viazi vitamu vya kuchoma, akamwambia kwamba kwa Toussaint hakujawahi kufika mtoto wa ndugu hata mmoja. Mke alitangulia, watoto hawakujaliwa. Kisha akamwita mwipwa, kama vile alikuwa akimwita hivyo tangu zamani. Huguette akaweka kiazi chini. Aliona aibu, aibu ya kweli, maana mzee mwema namna ile hakustahili kudanganywa juu ya mtu aliyeonekana kuwa rafiki yake. Akaapa kwamba ndege akitoka tu, atakiri, hata kama geti litafungwa milele.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Huguette ilifika mwisho Jumamosi ya sita. Udongo ulipasuka. Mdomo ukatokeza, kisha kichwa, kisha mama mzima, manyoya yamevurugika, akakaa kwenye tawi akipepesa macho. Simu ilinasa yote. Huguette alilia, na safari hii machozi yalikuwa na maji.

Mzee alisimama pembeni yake, kofia mkononi.

"Kumbe alikuwa muzima mule ndani," akasema.

"Wakati wote, Papa."

"Na watu wanapita tu, hawajui."

Sasa ilibaki kukiri. Huguette aliweka simu mfukoni. Akapiga magoti kando ya kaburi ili mikono itangulie maneno, akaanza kung'oa yale maua ya miiba ambayo wiki zote alikuwa anayakwepa.

"Papa," akasema bila kugeuka, "huyu mujomba..."

Baada ya 1949, chini ya majani, palikuwa na kistari kifupi, halafu simenti tupu, laini.

"Hapo upaache kwanza, mwipwa wangu," Toussaint akasema nyuma yake, akimsogezea kigoda. "Kaa, unielezee tena ile ya minerval."