Kishungi cha Fisi

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wakisalimiana kabla ya kulana, jeshi la siafu lilikuwa na bonde lake la mazoezi. Siku za mapumziko, mwindaji yeyote aliruhusiwa kuingia, mradi atundike langoni kishungi cha manyoya yake na kukichukua akitoka. Kishungi kikiwapo, siafu hawakuingia, wasije wakamtafuna mgeni.

Mlinzi wa lango, Nungunungu, hakupenda ugomvi. Jioni moja alimwona Fisi akitoka bila kugusa kishungi chake.

"Bwana Fisi, umesahau chako."

"Kiache hapo, mzee. Kikibaki, bonde ni letu sisi wawindaji kila siku. Hao siafu watangoja wachoke!"

Nungunungu akafunga lango.

Asubuhi jeshi likafika. "Nani yumo ndani?" akauliza mkuu wa siafu.

"Fisi hajachukua chake, afande. Nadhani amepotea."

"Basi tumtafute!"

"Anzieni nyumbani kwake. Huenda amejikokota hadi huko, maskini, hajiwezi."

Jeshi zima likamiminika pangoni na kumtafuta Fisi kwa bidii: kwapani, masikioni, chini ya mkia. Punde akaja langoni mbio, akirukaruka.

"Nimetoka! Nilitoka tangu jana!"

"Ndiyo kwanza nasikia," alisema Nungunungu, akamkabidhi kishungi kwa mikono miwili.

Siafu wakaingia mazoezini wakiimba. Hadi leo Fisi, hata akipita mbali na lango, husimama na kuuliza, "Mzee, sijasahau kitu?"